Suranjani na Safari ya Chembe Nyeupe

Dawa huweza kuitangulia elimu yake kwa karne nyingi. Mtu hujua kuwa mzizi fulani hutuliza maumivu, asijue kwa nini. Na kwa kuwa hajui sababu, hajui pia mpaka baina ya manufaa na madhara. Historia ya suranjani yatupa mfano ulio wazi.

Suranjani ni jina tulilolipata kwa Waarabu. Mmea wenyewe una tunguu ardhini, na maua yake ya zambarau hafifu huchanua Ulaya wakati majani ya miti yanapopukutika. Katika karne ya 6, tabibu Alexander wa Tralles aliwapa mmea wa jamii hii wagonjwa wa jongo, maradhi yavimbishayo viungo, hasa kidole gumba cha mguu, hata uzito wa shuka usivumilike. Ibn Sina (980–1037) naye aliutaja katika kitabu chake cha tiba. Walakini matabibu wengi wa Ulaya waliuogopa, na walikuwa na haki: tunguu lile ni sumu, na aliyezidishiwa kipimo hakupona.

Mwaka 1820 Pelletier na Caventou wa Paris walitoa kiini chake. Mwaka 1833 Geiger wa Heidelberg akakisafisha na kukiita kolkisini. Sasa dawa iliweza kupimwa, lakini sababu ya nguvu zake ilikuwa bado gizani.

Nuru ilitoka upande usiotazamiwa. Mwaka 1882, huko Messina, Elie Metchnikoff aliwachoma miiba watoto wa kiti cha pweza, akaona chembe hai zikisafiri na kuuzunguka mwiba. Hivyo alifahamu kuwa mwili una walinzi wanaotembea. Kisha mwaka 1961 McCarty na Hollander, wa Philadelphia, waliona fuwele za yureti katika maji ya viungo vyenye jongo. Chembe nyeupe za damu huzimeza fuwele hizo na kuwaita wenzao; wanapofika kwa wingi, ndipo kiungo huwaka moto.

Basi kolkisini hufanya nini? Mwishoni mwa miaka ya 1960, Borisy na Taylor wa Chicago waliifuata dawa hiyo ndani ya chembe, wakakuta inashikamana na protini ambayo baadaye iliitwa tubulini. Protini hii hujengeka kuwa vijibomba vyembamba, vilivyo kama mataruma ya chembe. Ujenzi ukizuiwa, chembe nyeupe hushindwa kujinyosha na kushika njia. Hata kunata kwake katika kuta za mishipa hupungua. Kwa kipimo kidogo haiuawi. Safari yake ndiyo hukwama.

Lakini chembe zote za mwili huvihitaji vijibomba hivyo ili zigawanyike. Kwa hiyo sababu iponyayo ndiyo hiyo hiyo iuayo, na kipimo tu ndicho kitenganishacho. Waliosifu suranjani na walioikimbia walikuwa wakisema kweli moja kwa ndimi mbili.

Mwaka 1972 Goldfinger wa Boston alitangaza kuwa kolkisini huzuia homa ya kurithi ya watu wa kandokando ya Bahari ya Kati, jambo ambalo wazee hawakuliwazia. Yafaa nasi, tunapozitazama dawa za mababu, tusizidharau wala tusizinywe kwa heshima tu. Tuulize zinafanya nini mwilini, na kwa kipimo gani.