Chembe Zilizodhaniwa Takataka

Msimu wa mvua ukianza, marafiki hunitumia picha za majibu ya maabara. "Malaria nimeelewa. Lakini mbona pleteleti ziko 70? Ama nitaanza kuvuja damu?" Hiyo 70 ni chembe sahani 70,000 katika kila mikrolita ya damu. Mtu mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 450,000. Lazima ushtuke. Mimi huwajibu kwa historia.

Tarehe 6 Novemba 1880, mjini Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alichungulia damu ya mwanajeshi mgonjwa akaona kimelea cha malaria. Mwaka 1882, huko Torino, Italia, Giulio Bizzozero alieleza kazi ya vijichembe ambavyo wengi walidhani ni mabaki tu ya seli zilizovunjika. Kumbe ndivyo hukimbilia mshipa ulioumia na kuziba tundu.

Kimelea kikapata jina. Laveran akatuzwa Nobel mwaka 1907. Chembe sahani zikabaki pembeni, maana kuzihesabu kwa jicho kulichosha. Zilikuja kuhesabiwa kila siku baada ya mashine kufika, zile zilizotokana na mbinu ambayo Wallace Coulter alipewa hataza yake Marekani mwaka 1953. Ndiyo maana nyanya yako aliugua malaria na kupona bila kuisikia namba hii, na wewe unaipata kwa simu.

Sasa stori inafika kwetu. Mwaka 2002, watafiti wa Kilifi walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya elfu moja waliolazwa na malaria. Zaidi ya nusu walikuwa na chembe sahani chache. Lakini upungufu huo haukuhusiana na kuvuja damu wala kifo. Kwenye malaria, chembe hizi hunata kwenye mishipa, nyingine hunaswa na wengu, nyingine hutumika zikipigana.

Ndiyo, zikipigana. Mwaka 2009, watafiti walionyesha kwamba zinaweza kuua kimelea ndani ya seli nyekundu. Mwaka 2012 wakaongeza kwamba silaha hiyo inahitaji protini iitwayo Duffy, ambayo Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hatuna kwenye seli zetu nyekundu. Kwa hivyo kinga iliyosifiwa kwenye maabara za mbali huenda isifanye kazi vivyo hivyo kwenye damu yetu. Hilo latosha kudai utafiti zaidi ufanyiwe hapa.

Kwa hivyo rafiki, maliza dozi. Malaria ikitibiwa, namba kwa kawaida hupanda yenyewe. Ukitokwa na damu puani au kwenye fizi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na kama uko Mombasa, una homa, pleteleti ziko chini na malaria haionekani, uliza kuhusu dengi.