Pengwini na Skua wa Antaktika: Picha za Karboni za Herbert Ponting

Herbert Ponting, mpigapicha Mwingereza aliyeandamana na msafara wa Kapteni Robert Falcon Scott ulioanza mwaka 1910, aliwapiga picha pengwini wa Adélie katika makazi yao ya kuzalia huko Cape Royds, pamoja na skua, ndege wa bahari wa rangi ya kahawia anayepora mayai na makinda ya pengwini hao. Kwa kuwa alitumia vibamba vya kioo vilivyopakwa kemikali inayohisi mwanga, na kamera nzito isiyoweza kumfuata ndege arukaye, ilimlazimu kukaa karibu kabisa na viota, ingawa skua humshambulia yeyote anayekisogelea kiota chake. Ukaribu huo ndio unaozipa picha hizi uhai wa pekee.

Desemba 1913 picha zake zilioneshwa ukutani katika ukumbi wa Fine Art Society, London. Nyingi zilichapwa kwa njia ya karboni, ambayo hutumia karatasi yenye tabaka la jelatini, yaani gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, iliyochanganywa na unga wa rangi: mwanga huifanya jelatini kuwa ngumu, kisha maji ya moto huiondoa ile iliyobaki laini. Picha ya namna hiyo haichujuki kwa urahisi, na huweza kupewa rangi yoyote. Ponting alizichapa baadhi kwa buluu na kijani, uamuzi wa busara kubwa, kwani barafu yenyewe haina weusi. Vibamba vyake vimehifadhiwa Cambridge, katika Scott Polar Research Institute, tangu mwaka 2004.