Muto wa Kaske: Historia ya Kitu Kidogo Chenye Kugeuza Sauti



Hapa Lubumbashi mutu akisema kaske yake imekufa, mara mingi spika ziko nzima na waya iko nzima. Kilichokufa ni mito ya masikio: ile skai nyeusi inabanduka, inaacha vipande vidogo kwenye shingo na mu nywele. Anaenda sokoni kununua mito mingine, ao anamupa mushonaji kipande cha skai na sponji ya matela. Jioni anavaa, anaweka wimbo anaoujua vizuri, kisha anajiuliza: juu ya nini besi imepungua? Juu ya nini sauti ya mwimbaji imekuwa kali hivi?

Mimi nilisoma kilimo, si elektroniki. Lakini nimefanya kazi ya kuandika mahojiano ya wakulima kutoka kwenye rekodi, masaa mingi na kaske ya kufunga mu kichwa, yaani ile yenye mugongo uliozibwa. Njo maana swali hili lilinikamata. Jibu langu ni hili: muto si nguo ya kaske, ni sehemu ya chombo chenyewe. Ukibadilisha muto, umebadilisha kaske. Na historia inatuonyesha muto ulifikaje pale.

WAKATI MUTO HAUKUKUWA NA KAZI

Mu 1910, mwaka ambao muji wetu ulianza kwa jina la Elisabethville, Nathaniel Baldwin wa Utah kule Marekani alikuwa anatengeneza visikizi mu jiko ya nyumba yake. Jeshi la majini la Marekani lilivijaribu, likaviagiza. Visikizi vya wakati ule vilikuwa vikombe vigumu vyenye kugusa sikio moja kwa moja. Vilitosha, juu kazi ilikuwa kusikia telegrafu na maneno. Alama za Morse hazina besi, basi besi ikitoroka hapana mutu wa kulia.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilileta shida nyingine: moteri za ndege. Rubani alitakiwa kusikia amri katikati ya kelele kubwa. Jeshi la Marekani likaweka vikombe vya mupira vyenye kuzunguka kisikizi na kukaza sikio. Hapa muto ulipata kazi yake ya kwanza: kufunga mulango, kelele isiingie.

Mbele kidogo ya vita, mu 1937, mambo mawili yalitokea Ujerumani. Kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin ilitoa kaske DT 48, yenye spika ndogo za aina tunayotumia hata leo. Na kule Leverkusen, Otto Bayer (jina linafanana, lakini ni mutu mwingine) na wenzake walivumbua polyuretani. Polyuretani ile baadaye ilizaa sponji na skai ya mito yetu. Yaani spika na muto vilizaliwa mwaka moja, kila kimoja kwa mulango wake.

Mu 1958 John Koss wa Milwaukee alileta kaske ya stereo kwa watu wa kawaida, ya kusikilizia muziki nyumbani. Na muziki si Morse, unadai besi. Kisha mu 1968 Sennheiser ikatoa HD 414, kaske ya wazi: mugongo unapitisha hewa, na muto wake ni sponji tupu. Tangu pale njia zikawa mbili, ya wazi na ya kufunga. Ile ya wazi imezoea hewa kupita. Ile ya kufunga inategemea muto kabisa.

JUU YA NINI BESI INATOROKA

Tuhesabu kidogo. Sauti inakimbia karibu mita 343 kwa sekunde. Besi ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7. Kikombe cha kaske kina sentimita chache tu, wimbi lile haliwezi kuenea mule. Kinachofanyika ni kwamba spika inasukuma na kuvuta hewa kidogo iliyofungwa kati yake na sikio, na ngoma ya sikio inasikia ile presha.

Sasa muto ukiwa na ufa, hewa inatoka kwa ufa kila mara spika inaposukuma. Kwa besi, msukumo ni wa polepole, hewa inapata wakati wa kukimbia, presha inaanguka. Kwa sauti nyembamba, hewa haina wakati wa kutoka. Njo maana kaske yenye kuvuja inapoteza besi kwanza, na sauti zingine zinabaki, zinaonekana kali.

Wenzangu wa kilimo wanajua ule mufuko wa PICS wa kuhifadhi kunde na mahindi: plastiki mbili ndani, gunia inje. Wadudu wanakufa juu hewa safi haiingii. Toboa plastiki zote mbili kidogo tu, kazi yote imeharibika, hata kama mufuko wenyewe ungali muzuri kwa macho. Kaske ya kufunga iko vile vile. Muguu wa miwani ukipita chini ya muto, tayari kuna tundu.

Kitambaa nacho kina maneno. Fikiria udongo. Muchanga unapitisha maji, ule wa mufinyanzi unayazuia. Mahameli ni muchanga: hewa inapenya, besi inapungua kama kaske haikupangwa kwa muto ule, na sauti za juu zinamezwa kidogo. Skai ni mufinyanzi: inashika hewa, na inarudisha sauti za juu ndani ya kikombe badala ya kuzimeza. Si kwamba mahameli ni mabaya. Beyerdynamic inauza DT 770, kaske ya kufunga, na kuna zenye mahameli na zenye skai. Lakini fundi alipanga matundu ya kikombe na muto wake pamoja. Ubaya ni kuchanganya bila kujua.

Kisha kuna unene. Muto munene unasogeza spika mbali na sikio na kuongeza chumba cha hewa. Mwembamba ao uliolala unaileta karibu. Milimita chache zinahamisha sauti za juu, zingine zinapanda, zingine zinashuka. Kwa hiyo hata muto mupya wa bei kali, kama si wa umbo lile la kwanza, utakupa kaske nyingine.

KIPIMO CHETU KIKO LIKASI

Mu 1952 Hugh Tracey alimurekodi Jean Bosco Mwenda, mwana wa Bunkeya, kule Jadotville, muji tunaouita leo Likasi. Mwenda alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada: gumba linatembea chini na besi, shahada inaimba juu. Uzi munene kabisa wa gitaa ya kawaida unatoa mitetemo karibu 82 kwa sekunde, pale pale muto wenye kuvuja unapoiba. Sikiliza «Masanga» na mito iliyochoka, kisha bonyeza vikombe polepole kwa mikono. Kama gumba la Mwenda linarudi, muto wako unavuja. Hapana haja ya mashini.

Kwa kijana mwenye studio mu chumba chake Katuba ao Kenya, hii si mambo ya anasa. Mito ikivuja, yeye anaona wimbo hauna besi, anaiongeza. Wimbo ukipigwa kwa spika za bar, besi inafunika maneno yote, na mwenye wimbo anadhani fundi hajui kazi.

Na kuna jambo zito kuliko wimbo. Sisi ni muji wa shaba, wazee wetu wengi walivaa kaske za kuzuia kelele kwenye mitambo. Kaske zile zina mito vile vile, na sheria ni ile ile. 3M, kampuni yenye kuzitengeneza, inashauri kubadilisha mito na sponji za ndani angalau mara mbili kwa mwaka. Muto ukikauka na kupasuka, mutumishi amevaa kaske, lakini kelele inaingia.

Kwa sisi wa simu na muziki, kelele ya groupe ya jirani ikiingia kwa ufa, tunapandisha volime. Shirika la Afya Duniani linaweka mupaka wa desibeli 80 kwa masaa 40 kwa juma. Ongeza desibeli 3 tu, masaa yanakatwa nusu: 20. Sikio lililokufa halibadilishwi sokoni.

TUFANYE NINI?

Polyuretani inakatwa polepole na maji na joto. Kwetu, kati ya Novemba na Machi hewa imejaa maji, na jasho linaongeza. Panguza mito kwa kitambaa kikavu ukimaliza, usiache kaske mu motokari juani.

Siku ya kubadilisha, usitupe mito ya zamani mbio. Pima unene wake, angalia kama ndani kuna matundu ao kitambaa chembamba mbele ya spika, mupelekee mushonaji afuate umbo lile. Akiweka sponji, iwe ile yenye kurudi polepole ukiibonyeza. Ya matela ngumu inaacha nafasi kwenye taya. Mushono ukae inje, si upande wa sikio. Kisha sikiliza wimbo moja unaoujua kwa siku mbili tatu mbele ya kufanya kazi ya mutu mwingine.

Na kama besi bado haipo, ubonyeze kwanza vikombe kwa mikono. Volime iache pale ilipo.