Jiwe, Mtaimbo na Mwalimu wa UPE

Nilianza kufundisha sayansi mwaka 1977, nikiwa na miaka 17 na cheti cha darasa la saba. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo Novemba 1977, wakati mpango wa awali ulisema 1989. Vyuo visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo, ndipo tukachukuliwa sisi wa vijijini, tukaitwa walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Tulifundisha nusu siku, nusu iliyobaki tukasomea ualimu kwa mratibu na kwa redio.

Somo la nyenzo nusura linishinde. Niliandika ubaoni egemeo, jitihada, mzigo, watoto wakaghani. Mratibu alikaa dawati la nyuma, kimya, mpaka kengele ikagongwa.

“Mwanangu, kesho madaftari yabaki darasani.”

Kesho yake tulibeba mtaimbo hadi kwenye jiwe lililoziba njia ya bustani. Wavulana wanne walilisukuma, wapi! Tukauegemeza mtaimbo juu ya gogo, binti mdogo kuliko wote akaning'inia kwenye ncha, jiwe likainuka. Nikauliza gogo lile tuliitaje. “Egemeo!” Safari hii walijua wanachokisema.

Mratibu yule alikuwa amewahi kuongoza kikundi cha kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973 kampeni hiyo iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kuzunguka redio: wanasikiliza habari za malaria au kichocho, wanajadiliana, kisha wanashika majembe kuchimba vyoo. Chetu nyumbani baba alikichimba mwaka huo.

Tumelaumiwa sana kwa kushusha elimu, na baadhi ya lawama nazikubali. Yako maswali ya watoto niliyoyakwepa kwa kutojua. Ila sayansi tuliisoma kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967. Wanachuo wa leo wametoka kidato cha nne, wanajua mengi kunizidi, lakini wameyajua kwa Kiingereza. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ipo tangu 1990. Wengi wao hawajawahi kuishika.

Kabla sijastaafu, mmoja wao alikuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Aliandika “usanisinuru” ubaoni, akageukia darasa, akakwama. Nilimsogelea.

“Mwanangu, watoe nje. Nyuma ya stoo kuna bati limelala tangu likizo.”

Watoto waliliinua. Nyasi za chini yake zilikuwa njano, za pembeni kijani kibichi, na maswali yakaanza kabla mwalimu hajafungua mdomo.