Rumonge: Ni chombo gani kinachofaa kwa uvuvi wa Ziwa Tanganyika?

Mjini Rumonge, takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, anayetaka kuanza uvuvi hukabiliwa kwanza na swali la chombo.

Jibu hutegemea samaki anayekusudiwa. Ndagala, aitwaye dagaa nchini Tanzania, huvuliwa usiku kwenye maji yenye kina kirefu, kwa kuwa hufuata mwanga. Kazi hiyo hufaa katamarani, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti; wavu hushushwa katikati na kuinuliwa samaki wakishakusanyika chini ya taa. Mukeke, anayemwinda ndagala, hunaswa humo pia. Mbalamwezi inapong'aa, taa hupoteza nguvu na mapato hupungua. Kwa ndoano au nyavu za kutega karibu na ufuo, mtumbwi mmoja unatosha.

Jambo la pili ni upepo. Kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini huchafua ziwa. Mtumbwi mwembamba uliojazwa kupita kiasi hupinduka kwa urahisi. Katamarani hutulia zaidi kutokana na upana wake, lakini ni ghali na nzito kupigiwa kasia.

La tatu ni injini. Katika miaka ya karibuni Burundi imekumbwa mara kwa mara na uhaba wa mafuta, na injini isiyo na petroli ni mzigo tu. Makasia yasikosekane, wala jaketi la kuokolea kwa kila mvuvi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi akague maungio ya mbao na kalafati. Ziwa hili hufikia kina cha mita 1,470.