Cherehani Sebuleni: Nakuru Ilivyojifunza Kujishonea

Kabla Nakuru haijawa mji, nguo za pamba za kushonwa ziliingia Bonde la Ufa mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1883 msafara wa mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson ulipiga kambi Taveta ukielekea Naivasha na Baringo, na kabla ya kuendelea ilibidi watu washike sindano. Morani wa Kimaasai hawakuwa watu wa kupokea chochote walichopewa. Shanga zilipaswa kutungwa upya kwa urefu waliouzoea, na merikani, ile pamba nyeupe iliyokuwa ikishushwa Zanzibar kutoka Marekani tangu miaka ya 1830, ikakatwa na kushonewa utepe wa rangi katikati ili iwe naibere, joho la vita. Kitambaa kitupu kilichotolewa kwenye jora kisingewapendeza. Mvaaji ndiye aliyeamua mshono ukaeje, na mwenye bidhaa akatii.

Wenyeji wenyewe walikuwa washonaji wa siku nyingi, ila walishona ngozi. Wanawake wa Kimaasai na wa Kikalenjin walizilainisha, wakazitoboa na kuziunga, wakapamba kingo kwa shanga. Kila vazi lilitengenezwa na mtu aliyemjua atakayelivaa. Habari ya kuvaa nguo iliyokatwa na mgeni kwa ajili ya mgeni mwingine ilikuja baadaye, na kwa maoni yangu hapo ndipo historia ya kujishonea nyumbani inapoanza kunoga.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na miaka minne baadaye mji ukatambuliwa rasmi. Maduka ya Wahindi yakaifuata reli, na kwenye baraza za maduka hayo wakakaa mafundi na vyerehani vyao. Ulinunua kitambaa ndani, ukapimwa nje, ukarudi siku ya pili. Jina lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye shingo nyeusi ya mashine lilikuwa Singer. Kampuni hiyo ya Marekani, iliyoanza mwaka 1851, haikushinda kwa ubora wa chuma peke yake. Ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kumruhusu mteja achukue mashine kwanza, alipe kidogo kidogo. Tangu 1885 kiwanda chake cha Clydebank, Scotland, kilikuwa kikimwaga vyerehani kwenye kila bandari ya himaya ya Uingereza.

Kwenye mashamba ya walowezi, Njoro hadi Molo, cherehani ya mkono ilikuwa kifaa cha nyumba kama jiko. Duka lilikuwa mbali, barabara za masika hazipitiki, na Molo iko juu kiasi kwamba asubuhi mtu hutamani kuvaa blanketi. Huko Marekani, Ebenezer Butterick alikuwa ameanza tangu 1863 kuuza paterni za karatasi zenye saizi mbalimbali, na biashara hiyo ilimwezesha mke wa nyumbani kukata gauni la mtindo wa mjini bila fundi. Mwafrika aliyeishi kwenye shamba hilohilo kama skwota hakuwa na paterni wala mashine. Alikuwa na ujira mdogo, na nguo alizopewa zikiwa zimechakaa. Mara nyingi alichojifunza kwanza ni kutia kiraka.

Mambo yalibadilika wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1952 idara ya maendeleo ya jamii ya serikali ya kikoloni iliunda Maendeleo ya Wanawake, na katika vilabu vyake akina mama wakafundishwa usafi, mapishi, kufuma na kushona. Nia ya serikali haikuwa siri: mwanamke aliyeshughulishwa na sindano asipate nafasi ya kuwapelekea wapiganaji wa Mau Mau chakula msituni. Lakini ujuzi haumtii anayeufadhili. Phoebe Asiyo alipochaguliwa mwaka 1958 kuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho, wanawake waliojua kukata sketi na kushona sare za watoto walikuwa wengi.

Uhuru ulipokuja na mashamba makubwa yakagawanywa, cherehani ikahamia kwenye nyumba mpya za Bahati, Njoro na Molo. Ilikuwa mali ya mama. Iliwekwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa kroshia, jamaa wa vile vitambaa vya makochi ambavyo hadi leo hakuna sebule ya Bonde la Ufa inayoviacha. Yenye pedali ilipendwa kuliko yoyote kwa sababu haikuhitaji umeme, na umeme ulichukua miaka mingi kufika mashambani. Ukiwa na mafuta ya mashine, mkanda wa ngozi na miguu miwili, kazi iliendelea. Butterfly ya Shanghai ilipoingia sokoni ikiwa na umbo lilelile na bei nafuu, Singer ikawa mashine ya kurithi. Vijana waliokosa nafasi shule za upili walifundishwa ushonaji kwenye vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Baraza la Makanisa lilivianzisha miaka ya 1960.

Halafu kikaja kizazi cha Sayansi Kimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, somo hilo liliingia shule za msingi kwa kishindo, wavulana kwa wasichana. Waliolipitia bado wanakumbuka kile kipande cha kitambaa cheupe kilichobebwa kwenye mkoba wa vitabu hadi kikawa cha kijivu: mstari wa juu bandi, wa pili mshono wa kurudi nyuma, wa tatu pindo, chini kabisa kifungo kimoja na tundu lake. Mwalimu alikigeuza kwanza akatazama nyuma, maana upande wa nyuma wa mshono hausemi uongo. Wazazi walilalamika kuhusu gharama, na hawakukosea. Masomo ya namna hiyo baadaye yalipunguzwa, ila ukikutana leo na mwanamume wa miaka hamsini wa Nakuru anayejipandishia pindo la suruali mwenyewe, usishangae.

Pigo lililofuata lilitoka bandarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ililegezwa masharti na mitumba ikamiminika nchini. Hesabu ya cherehani ya nyumbani ikavunjika. Gauni lililokwisha kushonwa, lenye zipu na bitana, likawa linauzwa kwa bei ya chini kuliko kitambaa cha kulishonea. Viwanda vya nguo vikayumba. Rivatex ya Eldoret, iliyojengwa miaka ya 1970, ilifungwa, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Sokoni Nakuru ikazuka elimu mpya: kuwahi beli linapofunguliwa ili uchague kamera, zile nguo za kwanza kabisa, kabla hayajabaki fagia, yale mabaki ya mwisho.

Wengi waliamini ushonaji wa nyumbani umekufa. Kilichokufa ni unafuu wake tu. Nguo za mitumba zilikuja na vipimo vya kwao. Kati ya 1939 na 1940 serikali ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000 ili kupata saizi za madukani, na wazungu peke yao ndio waliohesabiwa katika matokeo. Saizi za leo zimebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini mazoea ya kukisia mwili mmoja kwa wote yamebaki. Matokeo yake anayajua kila mwanamke aliyewahi kujaribu suruali juu ya sketi pale sokoni: nyonga zinaingia, halafu kiuno kinabaki wazi mgongoni, mkono mzima unapita.

Basi cherehani ikafunuliwa tena, safari hii kwa ajili ya kurekebisha. Gauni huvaliwa ndani nje. Unasimama mbele ya kioo, unabana pini kwenye mishono ya pembeni, kisha unaketi. Hatua ya kuketi ndiyo wanaoanza huisahau: nyonga hutanuka, na gauni lililokaa barabara kwa kusimama litapasuka ndani ya matatu ya Njoro. Uwazi wa kiunoni haufai kumezwa na dati moja kubwa, kwa kuwa ncha yake itachomoza kama pembe. Hutiwa mbili nyembamba, kila upande moja, zikiishia kabla ya kufikia pale mwili ulipojaa.

Kutoka kurekebisha, watu wakavuka hadi kubuni. Shule yao imekuwa mitumba hiyohiyo. Gauni lililochoka lakini lenye mkato mzuri hufumuliwa kwa wembe, mshono mmoja mmoja, vipande vikapigwa pasi na kulazwa juu ya gazeti, vikachorwa. Paterni hiyo hupanuliwa au kupunguzwa kwa futi, ikajaribiwa kwanza kwenye shuka kuukuu, ndipo mkasi ukaguse kitenge.

Mwaka 2020 uliwapa nguvu zaidi. Machi serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, na Aprili barakoa zikawa lazima. Vyerehani vilivyokuwa vimegeuzwa meza za televisheni vikarudi kazini. Marufuku iliondolewa Agosti, lakini waliokuwa wameshaonja hawakuacha. Siku hizi mwalimu yuko kwenye video za simu, mashine ni ndogo ya umeme, na anayeshona ni karani, muuguzi au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton ambaye angeweza kabisa kununua nguo tayari. Kwa hesabu ya pesa anapata hasara. Anafanya kwa raha yake, na ndiyo maana leo unaweza kuuita uraibu, jambo ambalo bibi yake aliyetia viraka shambani asingelielewa kwa urahisi.

Mafundi wa mjini waliogopa watakosa kazi. Badala yake wamepata mteja wa aina nyingine, anayefika Jumamosi na gauni lililokamilika nusu ndani ya mfuko wa duka kuu. Mikono ameitia mwenyewe, zipu pia. Anataka kingo zipigwe ovaloki na matundu ya vifungo yatobolewe, kazi ambazo mashine yake ndogo haiziwezi, na anasimama papo hapo akichungulia begani mwa fundi ili mshono wake usiguswe.