Kuwaita hospisi si kukosa imani

Leo nakupa historia kidogo, kisha nina jambo la kukiri.

Mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, Myahudi kutoka Poland aitwaye David Tasma alikuwa anakufa kwa kansa, mbali na kwao. Aliyemtembelea ni Cicely Saunders, mwanamke Mkristo aliyekuwa nesi na baadaye afisa wa ustawi wa jamii. Waliongea juu ya nyumba ambamo mtu angemaliza safari bila mateso na bila upweke. David alipofariki alimwachia pauni 500, ziwe dirisha katika nyumba hiyo.

Nyumba haikuwepo! Cicely akaenda kusomea udaktari, akangoja miaka 19, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili tu. Yapo ya moyo, ya familia, na ya roho. Ukitibu moja ukaacha mengine, bado anaumia.

Mwaka 1990 kazi hiyo ikafika kwetu. Nairobi Hospice, ya kwanza Kenya, ilianzishwa katika eneo la Hospitali ya Kenyatta. Mtu wa Kibera anaweza kufika kwa miguu. Daktari Anne Merriman, aliyehudumu pale mwanzoni, akavuka kwenda Uganda na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda.

Sasa nikiri. Huduma hiyo ilikuwepo tayari siku ile binti mmoja wa Kawangware, upande wa Gatina, aliponiuliza, "Pasta, tuwaite watu wa hospisi waje kwa mama?" Nilimjibu kwamba huko ni kukiri mauti. Walinitii. Mama alilia usiku baada ya usiku, majirani wakimsikia kupitia mabati, wajukuu wakikaa nje wasisikie. Alilala katika Bwana, lakini alilala akilia. Binti hakunilaumu. Mimi najilaumu.

Ningejua kazi yao, nisingesema vile. Nesi angefika kwenye kile chumba kimoja. Angemfundisha binti kupima mofini ya maji kila baada ya saa 4, kusafisha kidonda, kumgeuza mama asichubuke. Angekaa na wajukuu na kuwaeleza ukweli kwa lugha ya watoto. Angemuuliza mama ana hofu gani. Na baada ya mazishi, angerudi kuwaona waliobaki. Usiogope mofini, mpendwa: ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu, ni nadra imfanye mgonjwa kuwa mraibu, wala haimuui.

Soma Luka 10. Msamaria hakuishia kuomba kando ya barabara. Alitia mafuta na divai kwenye majeraha, akambeba, akalipia malazi. Soma pia Yohana 19. Yesu akiwa msalabani, katika maumivu makali, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi. Bwana wetu mwenyewe alipanga mambo ya familia kabla ya kukata roho. Je, alikosa imani?

Mimi bado naamini uponyaji. Nitaweka mikono juu ya mgonjwa wako mpaka pumzi ya mwisho. Lakini sitasimama tena mlangoni kumzuia nesi. Hospisi haikatazi maombi, na maombi hayakatazi dawa.

Kama nyumbani kwako Kibera au Kawangware kuna mtu anaumia usiku, kesho muulize daktari wake juu ya hospisi. Usingoje siku ya mwisho, kwa maana wakiitwa mapema husaidia zaidi. Na wewe unayemuuguza, ambaye hujalala vizuri kwa miezi, pokea msaada. Kuchoka si dhambi.

Kina mama na vijana wa kanisa, wiki hii tugawane zamu: mmoja apeleke uji, mwingine afue shuka, mwingine akae na mgonjwa ili binti alale.

Baba, wafariji wote wanaoumia usiku huu, na utusamehe tuliofunga mlango. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha umpigie simu jirani mwenye mgonjwa.